Msikilizaji Hulipa kwa Dakika, Mwimbaji Hulipwa kwa Wimbo

Ukiuliza barazani Mombasa kama muziki wa mtandaoni ni rahisi kuliko CD, utaonekana huna la kuuliza. CD halali ya msanii wa hapa, zilipokuwa bado zikipatikana madukani, ilikuwa shilingi mia mbili, mia tatu. Wimbo wa mtandaoni hupakuliwa bure, au kwa bando la vishilingi. Hesabu imekwisha, kahawa imiminwe.

Mimi naona hesabu hiyo haijaanza, kwa sababu hakuna aliyetaja kipimo. Bei ya nini? Ya wimbo mmoja? Ya saa nzima ya kusikiliza? Au ya kile kinachobaki mkononi baada ya kulipa? Kwa muziki wa dakika tatu swali hili halina uzito. Pima utakavyo, majibu yatakaribiana. Lakini taarabu ya Mvita, ambayo wimbo mmoja waweza kwenda dakika 12 au 15 kabla ya fidla kunyamaza, haiwezi kupimwa hivi hivi. Ukibadilisha kipimo, anayepata na anayepunjwa hubadilishana viti.

Kila chombo kilichowahi kubeba muziki kilikuja na urefu wake. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sahani za santuri za kasi ya 78 zilichukua kama dakika tatu kila upande. Wimbo uliozoea kuimbwa ukumbini mpaka watu watosheke ilibidi upunguzwe beti. Sahani ndogo za 45 zilizokuja baadaye hazikuongeza nafasi kubwa, na ndiyo maana nyimbo nyingi za benga na rumba zilizochapishwa Kenya ziligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili: msikilizaji anainuka kugeuza sahani pale pale raha ilipokolea.

Kanda ndiyo iliyowafungulia watu wa Pwani. Kanda ya C-60 ina nusu saa kila upande. Nyimbo mbili au tatu zinaenea bila kukatwa hata ubeti. Maduka kama Mbwana Radio Service hapa Mombasa yalirekodi taarabu na kuuza kanda, na sauti za Juma Bhalo, Zuhura Swaleh na Maulidi Juma zikaingia majumbani, zikavuka hadi Lamu, Tanga, Unguja na Arabuni. Mnunuzi wa kanda alilipia saa moja ya muziki. Hakuna aliyehesabu nyimbo. Ukikuta nne, ni nne. Ukikuta sita, basi zile sita ni fupi.

CD ilirithi desturi hiyo. Sony na Philips walipoitoa sokoni mwaka 1982 iliweza kubeba dakika 74, na bei yake ikawa ya sahani nzima. Hapa kwetu haikuwahi kuiua kanda kwa haraka, lakini ilipokaa ilikaa, hasa ndani ya magari. Sababu moja ya hilo haizungumzwi sana: magari mengi yanayoshushwa bandarini Kilindini ni mitumba kutoka Japani, na redio zake zimetengenezwa kwa masafa ya huko, yanayoanzia 76 na mara nyingi kuishia 90, ilhali stesheni zetu za FM zimejazana kati ya 88 na 108. Mwenye gari jipya-kuukuu hupata stesheni moja mbili, zilizobaki hazishiki mpaka fundi aingilie. Tundu la CD likawa ndilo redio yenyewe.

Kisha ikaja Aprili 28, 2003. Apple ilifungua duka lake la mtandaoni Marekani, wimbo mmoja senti 99, albamu nzima mara nyingi dola 9.99. Kwa Wamarekani ilikuwa sherehe, na walikuwa na haki ya kusherehekea. Miaka mitatu kabla yake, tume yao ya biashara, FTC, ilikuwa imesema kwamba masharti ya kampuni kubwa za muziki kuhusu bei ambazo maduka yaliruhusiwa kutangaza yaliwafanya wanunuzi wa CD walipe zaidi kwa makadirio ya dola milioni 480 katika muda wa miaka mitatu hivi. Watu walikuwa wamechoka kulipia sahani ya nyimbo 12 kwa ajili ya nyimbo mbili.

Tazama kilichoondolewa katika bei ile: plastiki, kasha, karatasi ya picha, lori, ghala, kodi ya duka, mshahara wa muuzaji. Tazama sasa kilichobaki: nyimbo 12 kwa senti 99 ni dola 11.88. Bei ya wimbo haikuanguka kama ulivyoanguka mzigo wa kuubeba. Karibu senti 70 za kila wimbo zilikwenda kwa kampuni ya kurekodi, na mwimbaji akaendelea kulipwa kwa mkataba wake wa siku zile za lori. Alichopata mnunuzi, na ni kitu cha kweli, ni ruhusa ya kuacha zile nyimbo kumi asizozitaka.

Ruhusa hiyo haimfai chochote mpenzi wa taarabu. Albamu ina nyimbo nne au tano, na amezitaka zote; ameinunua kwa sababu hiyo. Isitoshe, katika duka lile lile wimbo uliozidi dakika 10 mara nyingi haukuuzwa peke yake, ulifungwa ndani ya albamu. Wenye duka walijua kwamba senti 99 ni bei iliyoshonwa kwa wimbo wa dakika tatu nne, na kwamba wimbo mrefu ukiuvalisha utapasuka mabegani. Wakaufungia nje badala ya kushona upya.

Kwetu, kusema kweli, ugomvi wa wimbo wa senti 99 na CD ya dola 15 tuliusikia kwa mbali. Wengi hatukuwa na kadi ya benki ya kulipia, na intaneti yenyewe ilikuwa ya kununuliwa kwa dakika katika vyumba vya saiba. Wimbo wa dakika 15 katika MP3 ya kawaida ni kama MB 14. Kwa laini ya simu ya kilobiti 56 haushuki chini ya nusu saa hata mambo yakienda sawa, na hayakuwa yakienda sawa. Kwa shilingi moja au mbili kwa dakika, wimbo mmoja wa bure uligharimu sawa na CD nzima ya kunakiliwa. Hakuna aliyefanya biashara hiyo ila kwa mapenzi.

Mambo yaligeuka mwaka 2009, na yaligeukia hapa hapa. Nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS ziliibuka kutoka baharini zikatua Mombasa, Kenya ikaachana na kutegemea setilaiti, na bei ya intaneti ikaanza kushuka. Mji uliopokea jahazi za kaskazi ukapokea pia waya uliomaliza maduka yake ya CD. Simu zikaja na nafasi ya memori kadi, na muziki ukahama.

Lakini haukuhamia kwenye maduka ya mtandaoni. Ulihamia kwa kijana mwenye kompyuta. Nenda Mwembe Tayari, au Kongowea, au pale watu wanapojipanga kusubiri feri Likoni, utamkuta: meza moja, kompyuta moja, spika inayopigia mtaa mzima, na kisahani cha kuwekea memori kadi za watu zisipotee. Nilisimama nyuma ya mzee mmoja mwenye simu ya vibonyezo, kanzu imepigwa pasi ya Ijumaa.

"Mwanangu, n'tilie za Bhalo. Zote ulizo nazo."

"Zote, mzee? Kadi yako ni ya GB mbili."

"Zikijaa, zimejaa. Na usin'tilie hizi za kelele."

Akatoa shilingi hamsini. Fanya hesabu kwa dakika: GB mbili za MP3 ya kawaida ni kama saa 34 za muziki. Mzee yule alinunua taarabu kwa shilingi moja na nusu kwa saa. Hakuna kanda, wala CD, wala bando litakaloshinda bei hiyo. Na hakuna senti yake hata moja iliyokwenda kwa aliyeimba au kwa warithi wake, ijapokuwa sheria ya Kenya inailinda kazi ya mtunzi kwa miaka 50 baada ya kufa kwake, na Bhalo alifariki mwaka 2014. Mzee hakujiona mwizi, na mimi sikumwona hivyo. Angeuziwa wapi? Duka aliloziona kanda hizo ujanani mwake halipo, na lililopo linataka simu ya kupangusa, anwani ya barua pepe na nywila yenye herufi kubwa na ndogo.

Basi ushindani wa kweli hapa haukuwa kati ya CD halali na faili halali. Ulikuwa kati ya nakala na nakala, na mshindi akawa ile yenye dakika nyingi kwa shilingi chache. Watu wa Mombasa wamekuwa wakinunua muziki kwa dakika tangu siku za kanda, hata kama hawasemi hivyo.

Wanaendelea kulipa kwa dakika hata leo, sasa kwa njia ya bando. Tuchukue bei nyepesi ya kuhesabia, shilingi 100 kwa GB; mwenye ofa ya saa moja atapata nafuu kuliko hapo, na mwenye kuliwa salio la kawaida ataumia zaidi. Albamu ya saa moja ukiipakua mara moja ni kama MB 58, yaani shilingi sita. Imeisha, ni yako, ipige mpaka spika ichoke. Lakini siku hizi watu hawapakui. Wanasikiliza mtandaoni papo hapo. Kwa ubora wa kilobiti 160, saa moja ni MB 72, shilingi saba na ushei, na hulipi mara moja tu. Mama anayepika biriani kila Ijumaa na albamu ile ile ikimwimbia, kwa mwaka amelipa shilingi 374. CD ya shilingi 300 imeshapitwa, na mwaka wa pili anaanza upya.

Akisikiliza kwa YouTube, kama wanavyofanya wengi, simu imelazwa kifudifudi juu ya friji na picha inachezea bati la friji, video hata ya ubora wa chini hula takriban mara nne ya sauti peke yake. Sasa tunakaribia shilingi 1,500 kwa mwaka kwa albamu moja inayoitwa ya bure. Wenye WiFi watacheka. Ila WiFi nayo ina mwenye kuilipa, na majumba mengi ya Majengo na Mikindani hayana.

Fedha hizo zinakwenda wapi? Kampuni ya simu inachukua yake, na ni haki yake, imejenga minara. Serikali inachukua ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 na juu yake VAT ya asilimia 16; ukizichanganya, karibu robo ya kila bando ni kodi. Mwimbaji hana fungu katika bando. Akipata kitu, anakipata upande wa pili, kwenye tangazo au ada ya programu, na huko ndiko kipimo kinakogeuka.

Spotify, programu ya kusikilizia muziki mtandaoni, ilipoingia Kenya Februari 2021, ada ya mtu mmoja ilikuwa shilingi 299 kwa mwezi, chini sana ya dola 9.99 aliyokuwa akitozwa Mmarekani. Kwa mwaka ni shilingi 3,588. Kwa anayetaka muziki wa dunia nzima, hiyo ni bei ya kutupa, sina ubishi nayo. Kwa aliyekuwa akinunua CD mbili za taarabu kila Idi, ni karibu mara tatu ya matumizi yake, na siku akiacha kulipa vyote alivyohifadhi kwenye simu vinafungwa. Hata akiwa analipa, lazima simu iguse mtandao angalau mara moja katika siku 30 ili nyimbo zisifutike.

Jambo linaloniudhi zaidi, hata hivyo, ni jinsi fedha zinavyogawanywa. Kampuni hizi hazina bei maalumu kwa kila wimbo. Hukusanya mapato ya mahali, hutenga takriban theluthi mbili kwa wenye haki, na kuyagawa kwa hesabu ya mara nyimbo zilivyopigwa. Na kupigwa kunahesabiwa baada ya sekunde 30. Ukisikiliza sekunde 31 za wimbo wa dakika mbili, ni moja. Ukisikiliza dakika 15 zote za wimbo wa taarabu, pamoja na mwanzo wa ala, beti zote na kiitikio cha mwisho kinachorudiwa mpaka watu wainuke, ni moja.

Weka majirani wawili wa Majengo. Tuseme kila mmoja analipa ile 299 ya mwanzo. Kila mmoja anasikiliza saa 20 kwa mwezi. Wa kwanza anapenda nyimbo za dakika tatu, kwa hiyo amepiga nyimbo 400. Wa pili ni mtu wa taarabu, nyimbo za dakika 15, amepiga 80. Tuseme soko zima ni hawa wawili. Theluthi mbili ya fedha zao ni kama shilingi 398. Ukigawa kwa 480 unapata senti 83 kwa kila pigo. Waimbaji wa jirani wa kwanza watagawana shilingi 332. Waimbaji wa taarabu watagawana 66. Muda ni ule ule, ada ni ile ile, na zaidi ya nusu ya fungu la waimbaji lililotoka kwa mpenzi wa taarabu limekwenda kuwalipa waimbaji ambao hakuwasikiliza hata sekunde moja.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili, na ndiyo sababu nakataa kuambiwa mtandao umeshusha bei. Msikilizaji anatozwa kwa dakika: kila dakika ina MB zake na kila MB ina senti yake. Mwimbaji analipwa kwa hesabu ya vichwa vya nyimbo. Kwa muziki mfupi vipimo hivyo viwili vinakaribiana na hakuna anayelalamika. Kwa muziki mrefu vinaachana, na pengo linalobaki katikati linaliwa na wengine. Kanda haikuwa na pengo hilo. Mnunuzi alilipia saa moja, mwimbaji akauza saa moja, wakadhulumiana kwa njia nyingine za kawaida.

Kuna watakaosema basi waimbaji wafupishe nyimbo. Wapo wanaofupisha, sikiliza nyimbo mpya za vijana wetu, ukipiga chafya imeisha. Lakini ukiikata taarabu vipande vinne ili ihesabiwe mara nne umeirudisha kwenye sahani ya kugeuza, na shairi lenye beti saba limejibizana kwa mpango. Ubeti wa tano haueleweki bila wa pili. Mswahili hawezi kuambiwa akate shairi kwa sababu ya sekunde 30 zilizoamuliwa Stockholm, yaliko makao ya Spotify.

Na kuna wanaosema milio ya Skiza, ile ya simu za Safaricom, imewaokoa wasanii. Imewaingizia watu fedha, hilo halikanushiki, na kwa wengine ndiyo njia ya mtandao waliyoona ikilipa kwa uhakika. Lakini itazame kama mnunuzi. Mlio mmoja, kwa shilingi moja na nusu kwa siku, ni zaidi ya shilingi 500 kwa mwaka: bei ya karibu CD mbili, kwa kipande kifupi cha wimbo mmoja, ambacho mwenye kukilipia hakisikii. Kinasikiwa na anayempigia. Katika historia yote ya biashara ya muziki sijaona kitu ghali kuliko hicho kwa dakika, na tumekikubali bila kelele kwa kuwa kinakatwa kidogo kidogo.

Kuhusu umiliki nitapita upesi, maana unajulikana. CD unaweza kuiuza, kuiazima, kumpa bibi harusi, au kuiacha kwenye kabati ikawa mirathi. Faili huwezi kuiuza tena kwa halali. Huko Marekani kampuni ya ReDigi ilijaribu kufungua soko la mitumba ya nyimbo za kupakuliwa, ikashindwa mahakamani mwaka 2013 na tena kwenye rufaa mwaka 2018. Kwa mji unaovaa na kuendesha mitumba, huu ni upungufu wa bei ambao hauandikwi popote. Kitu kisichouzika tena ni ghali kuliko kinavyoonekana siku ya kukinunua.

Nini kifanyike? Majukwaa yanaweza kuhesabu dakika kesho asubuhi yakitaka. Yanajua sekunde uliyokata wimbo. Yanajua mpaka ulipoirudia ile sehemu ya kinanda. Wala msiambiwe kwamba kanuni hazibadiliki: tangu mwaka 2024 Spotify hailipi kabisa wimbo ambao haukufikisha mara 1,000 katika miezi 12. Kanuni hiyo waliiweka wenyewe kwa kuwa iliwafaa. Ya kupima kwa muda itasubiri kuwafaa, na sioni dalili.

Kwa hiyo mimi naunga mkono jambo la kale, yaani kuuza. Kuuza albamu nzima kama faili, mara moja, kwa shilingi 100, kutoka mkononi mwa mwimbaji mpaka simu ya msikilizaji. Nasema 100 kwa sababu kutuma shilingi 100 au chini yake kwa M-Pesa hakuna ada. Ukipandisha mpaka 150 kuna makato, na mteja anaanza kufikiri. Saa moja ya taarabu kwa 100 ni ghali mbele ya kijana wa Mwembe Tayari, sikatai. Ni rahisi mbele ya bando la Ijumaa 52. Mwimbaji anapata 100 zote, au akiwagawia mpiga kinanda na mtunzi wa shairi, basi wanagawana kitu kinachoonekana.

Atakayeniambia faili litanakiliwa usiku huo huo, namwambia ndiyo, litanakiliwa. CD ilinakiliwa, kanda ilinakiliwa kwa redio za milango miwili, na bado watu walinunua. Walinunua kwa sababu mwimbaji alikuwa wa mtaani, walimjua mama yake, na kununua kulikuwa namna ya kumtunza bila kupanda jukwaani na noti mkononi. Waimbaji wetu siku zote wameishi kwa harusi kuliko kwa maduka. Nguvu ya kununua iko huko, ukumbini, watu wakiwa wamejaa wimbo vichwani, na si kesho yake kwenye programu ya simu yenye nyimbo milioni.

Piga hesabu ya ukumbi wa wanawake 200 usiku wa kupamba bibi harusi. Wakinunua 20 tu, ni shilingi 2,000. Ili apate fedha hizo kwa senti 83 za mfano wetu, mwimbaji angehitaji nyimbo zake zipigwe zaidi ya mara 2,400, na hapo hajakatwa na wa katikati. Tatizo nililoelezwa na wanaoimba katika shughuli hizo ni la kivitendo kabisa: kwenye kupamba simu haziingii ndani, zinakusanywa mlangoni ili mtu asije akapiga picha za wake za watu. Huwezi kumwambia mtu alipe kwa M-Pesa na simu yake imo ndani ya mfuko wa plastiki wenye namba. Basi namba ya malipo iandikwe kwa herufi kubwa pale mlangoni zinaporudishwa simu, na akae binti mmoja wa kundi mwenye faili tayari wa kumrushia mtu papo hapo, kabla hajapanda tuktuk.